Mwaka Niliokuwa Jirani

Juzi Jumamosi pale sokoni Mabibo, nyanya zimepanda bei hadi watu wanazisalimia kwa mbali, akaja mama mmoja wa heshima zake, miwani, mkoba wa ngozi, viatu ambavyo hata matope ya Mabibo yaliviogopa yakakaa pembeni. Akawa anazigeuza nyanya zangu moja moja kama anatafuta aliyoipoteza mwaka jana. Nikamwambia, "Karibu mama, hizo za leo leo, zingine hata hazijajua kama zimeshachumwa." Akacheka. Na kile kicheko, bwana, nilikijua kabla sijaijua sura. Kicheko cha kuvutia ndani, kama mtu kashikwa na kwikwi msikitini. Nikasema moyoni, lahaula, Editha huyu. Na yeye akanitazama, akaninyooshea kidole: "Jamani! Wewe si Somoe? Somoe wa jikoni?" Nimezaa wanne, nina wajukuu, nina meza mbili hapa sokoni na mdomo unaojulikana mpaka Manzese, na bado mie ni Somoe wa jikoni. Tukakumbatiana katikati ya matenga, wapagazi wanatutukana tuwapishe njia, mie nalia nacheka, nikaigeuza ndoo nikamkalisha. Lakini nisiwafiche. Wakati mikono inamkumbatia, kuna kitu humu kifuani kilikuwa kimekunja uso. Kimekunja tangu mwaka ule wa Pugu.

Habari za kwetu Lindi, nani kamzaa nani na nani kamkimbia nani, naziruka, nikizianza tutakutwa na Idi ya mwakani. Mwaka ninaousema nilikuwa binti, kiuno kipo, meno yote yapo, simu za mkononi zilikuwa za matajiri na zilikuwa kubwa, unampiga nayo mwizi kichwani anazirai. Nilipata kazi ya jikoni kwenye chuo kikuu kimoja cha kanisa huko Pugu. Jina lake nalimeza, chuo kipo mpaka leo na mie sitaki kesi. Nilikuwa nalala Kiwalani, ndege zinapita chini kiasi kwamba ukianika khanga unaiombea isiondoke na rubani, na alfajiri nadamka nakwenda Pugu kumenya viazi vya watu mia tano ambao ukiwaangalia wanavyokula utasema elfu tano. Sufuria za pale zilikuwa na kina, ukidondosha mwiko unausahau, unakata mwingine. Mie na ushungi wangu, Mwislamu wa kuzaliwa, naosha vyombo vya mapadre, na hakuna aliyenisema neno, hilo nikilificha nitakuwa mnafiki. Siku za sikukuu zao, akipikwa yule mbuzi katoliki, Mama Tabu mpishi mkuu ananipungia mwiko: "Somoe, leo kaja mgeni ambaye nyie hamsalimiani naye. Beba mchele wako, nenda kachambulie stoo." Na sikukuu zao hawa watu zilikuwa nyingi! Kila siku mtakatifu, kila mtakatifu na nguruwe wake. Basi mie nikawa mtu wa stoo.

Ile stoo ndo iliyoniharibu. Chumba kirefu, giza, sakafu ya saruji baridi kama nimekalia barafu, magunia ya maharage yamepanda hadi dari, harufu ya dagaa imeingia mpaka kwenye kuta, ukizilamba unapata mboga. Na ukuta wa nyuma ulikuwa na yale matofali ya matundu, ya kupitishia hewa. Upande wa pili wa matundu ndo lilikuwa darasa la Msingi. Sasa Msingi ni kitu gani? Pale chuoni ilikuwa sheria: uwe umekuja kusoma uhasibu, uwe umekuja kusoma sheria, uwe umekuja kusoma ualimu, mwaka wa kwanza wote mnakusanywa kwanza mnasomeshwa vitu ambavyo havihusiani na mshahara. Mnasomeshwa falsafa, mnasomeshwa dini zote hadi yangu, historia ya watu waliokufa zamani, mashairi, namna ya kubishana bila kurukiana, na kuimba. Eti ili mtu awe kwanza mtu, halafu ndo awe mhasibu. Wanafunzi walikuwa wanaichukia Msingi! Foleni ya chakula yote ilikuwa kilio.

"Mie nimekuja kutafuta maisha, mzee mzima ananiuliza roho inakaa wapi."

"Ungemjibu inakaa tumboni. Ya kwangu mie ipo hapa kwenye foleni."

"Leteni sahani, nyie wenye roho," Mama Tabu anawaambia, "na asiyeijua yake inapokaa simwekei nyama."

Wao wanalalamika, mie nipo stoo sikio kwenye tundu. Mwalimu alikuwa Padre Gaudensi, mtu mfupi, mnene, sauti yake ilikuwa imekosea mwili, ilikuwa ya mtu wa futi tisa. Ile sauti ikisema "habari za asubuhi", magunia ya maharage yanaitikia. Siku moja akauliza darasa: mtu akisahau kila kitu, jina lake, mama yake, kijiji chake, je, bado ni yule yule? Mie mchele umeganda mkononi. Wakajibu wawili watatu, majibu ya usingizi, halafu Padre akasema, "Sasa sikilizeni," akageukia ubao. Na hapo ndo ulikuwa msiba wangu: akigeukia ubao, sauti inakwenda na ubao. Inabaki mmm, mmm, mmm, kama redio ya betri zilizokufa. Nikapachika sikio nusura lipite tundu lote, wapi. Kengele ikalia. Kutwa nzima nilitembea na lile swali kichwani kama mtu aliyebeba ndoo ya maji hana pa kuitua. Nikamuuliza Mama Tabu: mtu akisahau kila kitu bado ni yule yule? Akasema, "Huyo ni mume wangu akitoka kilabuni, na ndio, kwa bahati mbaya ni yule yule." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Lakini jibu halikunitosha. Nilitaka lile la ubaoni.

Hivi ndo mwaka ulivyokwenda. Mwaka wa nusu nusu. Nilipata nusu ya kila kitu: nusu ya kwa nini mtu anaogopa kufa, nusu ya mfalme aliyechoma mji wake mwenyewe, ila wimbo mzima hadi kibwagizo maana wimbo hauimbwi kwa kuangalia ubao. Shule niliyosoma mie ya utotoni ilikuwa mpaka darasa la pili, nikaondoka, hakuna aliyeuliza nimekwenda wapi. Sikuwahi kuona kama nimekosa kitu. Nilijua kusoma barua kwa kuivuta vuta, najua hesabu za sokoni, inatosha. Pale stoo ndo kwa mara ya kwanza niliona njaa ambayo jiko halina dawa yake. Na mara kwa mara nilikuwa namsikia Padre anawagombeza: "Msingi si wa wasomi! Msingi ni wa kila mwanadamu!" Na mie peke yangu kwenye magunia naitikia kwa kichwa, nasema naam, kumbe na mie nimo.

Basi pale kulikuwa na desturi yao moja, Siku ya Jirani. Kila mwanafunzi wa Msingi anatakiwa amtafute mtu ambaye si mwanafunzi, mtu wa maisha mengine, mlinzi, mfua nguo, muuza mkaa, awe jirani yake mwaka mzima. Anamtembelea, anamsikiliza, anaandika. Mwisho wa mwaka, wale walioandika vizuri wanasimama bwaloni mbele ya chuo kizima. Jirani anakalishwa mbele, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, na mwanafunzi anaeleza maisha yake, na mwisho anataja ombi moja, jambo moja tu ambalo jirani analihitaji kuliko yote. Halafu Padre anamgeukia jirani, anamuuliza swali moja: "Jirani, haya aliyosema ni kweli?" Jirani akisema kweli, mwanafunzi kapita, na Mkuu wa Chuo anasimama anatimiza lile ombi. Akisema si kweli, mwanafunzi anarudia Msingi yote mwaka mzima, hata angekuwa mtoto wa askofu. Na maombi yalikuwa yanatimizwa kweli, si maneno. Mwaka uliotangulia mzee mmoja fundi baiskeli, miguu haifanyi kazi, alipata kiti cha magurudumu. Mama mmoja wa Pugu paa lake limetoboka kama chekeche alipata mabati. Mama Tabu mwenyewe aliyaona yanapakiwa.

Siku Editha alipoingia stoo kunitaka niwe jirani yake, nilijua kabla hajafungua mdomo. Alitokea Bukoba, mwembamba, akisimama kiubavu unamtafuta, Kiswahili kimenyooka kama kimepigwa pasi. Akaniambia, "Dada, naomba uwe jirani yangu." Nikamwambia, "Mie nalala Kiwalani, wewe unalala hapa Pugu, tutakuwa majirani kwa njia ya ndege?" Akacheka kile kicheko cha kwikwi, na mie kwa kicheko hicho nikawa nimeshanunuliwa. Kuanzia hapo kila Alhamisi mchana anakuja, anageuza debe la mafuta anakalia, mie nachambua mchele, yeye kalamu mkononi. Tulipendana, msidhani hatukupendana. Alikuwa ananiletea senene, wale panzi wa kukaangwa, kutoka kwao, mie naogopa kuwatazama, nikaishia kuwamaliza wote. Nilimfundisha kufunga ushungi, akanifundisha kuandika jina langu kwa ile herufi ya kulala lala.

Sasa mie mdomo wangu mnaujua. Mtu akinitumbulia macho namna ile, mtu amekaa na kalamu anasubiri, siwezi kumpa maisha makavu. Alipouliza kama nina mchumba, nikamwambia mchumba wangu aliliwa na mamba mto Rufiji, mamba mstaarabu, akavibakiza viatu ukingoni vimepangwa jozi. Mchumba mwenyewe alikuwepo Gongo la Mboto, mzima wa afya, anauza mkaa na ameoa. Aliponiuliza nilifikaje Dar, nikamwambia nilitembea kwa miguu kutoka Lindi, usiku nalala juu ya miti kwa ajili ya simba, na simba mmoja tukazoeana mpaka akawa ananisindikiza. Aliponiuliza kwetu tulikuwa tunakula mara ngapi, nikamwambia Ijumaa hadi Ijumaa. Mie nasema huku nacheka! Pale Lindi mtoto wa miaka mitano angejua natania, angeniongezea na yeye simba wa pili. Lakini Editha hacheki. Anaandika. Nikimtazama, jicho limelowa. Nikaona, basi, na iwe hivyo, kila mtu na namna yake ya kufurahi.

Moja tu ndo nililomwambia bila chumvi, bila hata punje. Ilikuwa siku ya mvua, darasa la upande wa pili lipo tupu. Akaniuliza, "Dada Somoe, ombi lako litakuwa nini? Lile moja." Nikaweka ungo chini. Nikamwonyesha yale matundu ukutani, nikamwambia kila kitu, swali la mtu aliyesahau, mfalme aliyechoma mji, ubao unavyokula sauti. Nikamwambia nataka niingie Msingi. Mwaka mmoja tu. Vyeti sina, sitaki cheti, sitaki kuwa mhasibu. Wanikalishe nyuma kabisa, hata chini, nisikie mpaka mwisho.

"Msingi?" akasema. "Wewe? Dada yangu, sisi wenyewe hatuutaki."

"Ndo hapo sasa. Nyie hamuutaki, mnipe mie."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. Akanishika mkono wenye vumbi la mchele. "Nitasema," akaniambia. "Nakuahidi, nitasema."

Mwezi ule wa mwisho, jamani, mie sikuwa mtu, nilikuwa harusi inayotembea. Niliazima kwa jirani yangu wa Kiwalani gauni lake la Idi, la kijani, linang'aa mpaka kuku walikuwa wananikwepa. Nilijizoeza. Nilijua Mkuu wa Chuo atauliza: binti, wewe hujasoma, Msingi wa nini? Jibu lilikuwa tayari, nilikuwa nalisema huku napalia mkaa, huku nakoroga uji: "Mkuu, nimesikia nusu, nataka nusu nyingine." Mama Tabu akanisikia, akasema, "Nusu ya nini, wewe? Ya mkate?" Nikamwambia subiri utaona, siku ile utakapokuwa unapakua nitakuja kupanga foleni upande wa pili. Akanitazama vile mama anavyomtazama mtoto anayekimbia na kisu. Mama Tabu kukaa kimya, hiyo ilitosha kunishtua. Lakini mie wapi.

Siku yenyewe bwalo limejaa, meza zimesukumwa ukutani, mapadre mstari wa mbele, masista, wanafunzi mpaka madirishani. Nimekaa kwenye kile kiti cheupe, mgongo umenyooka, gauni la kijani linapiga kelele peke yake. Editha akasimama pembeni yangu na makaratasi yake. Akaanza. Na mtoto yule alijua kusema! Akasema mbele yenu ameketi mwanamke ambaye mto ulimnyima ndoa. Akamleta mamba. Akavileta viatu, akavipanga vizuri ukingoni, taratibu, kimoja, kingine. Sista mmoja akatoa leso. Akaleta safari ya miguu kutoka Lindi, akamleta na simba, ila simba wake hakuwa rafiki tena, alikuwa ananiwinda. Akaleta njaa ya Ijumaa hadi Ijumaa. Nikatazama mlango wa jikoni, Mama Tabu kasimama na mwiko mdomo wazi, maana yeye ndo alikuwa ananunua mkaa kwa yule marehemu wa mamba. Kicheko kikanipanda mpaka hapa, nikakibana. Nikasema vumilia, Somoe, huyu anawalainisha tu, jambo lenyewe linakuja. Akaeleza namna ninavyokaa kwenye saruji baridi, gizani, peke yangu, "kama mtu aliyesahauliwa". Nikasema ndo hapa sasa, sasa anafika kwenye matundu. Hakufika kwenye matundu. Akageuza karatasi ya mwisho, akaweka mkono begani kwangu. "Jirani yangu ana ombi moja. Ni ombi dogo, la mtu mnyenyekevu. Anaomba cherehani, ili aweze kujitegemea."

Mie maishani sijawahi kushika cherehani. Hata sindano tunaogopana.

Bwalo lote limesimama. Makofi yale, nadhani yalisikika Kisarawe. Watu wanalia kweli kweli, kamasi na kila kitu, wale wale waliokuwa wanasema Msingi haina maana. Na katikati ya makofi Padre Gaudensi akainuka, akafuta miwani, akanisogelea, na ile sauti yake ya futi tisa akaiteremsha hadi ikawa ya mtu wa kawaida. Ilikuwa mara ya kwanza ananiuliza swali mie, uso kwa uso, si kupitia tundu. "Jirani, haya aliyosema ni kweli?"

Nimelifikiria lile swali miaka yote, napanga nyanya nalifikiria. Mtu ataniambia, si ungesema? Ningesema nini? Nikisema si kweli, wataniuliza lipi si kweli, na ningeanzia wapi? Kwa mamba? Ningesema mamba ni uongo, viatu ni uongo, simba ni uongo, njaa ni uongo, ila kuna jambo moja la kweli ambalo halikusemwa, nataka kusoma, niaminini hilo? Nani angeniamini? Nikamtazama Editha. Makaratasi kayakumbatia kifuani, mwaka wake mzima upo kwenye ulimi wangu. Uongo wangu wote aliubeba kama yai, hakudondosha hata mmoja. Ukweli wangu mmoja ndo uliomshinda kubeba. Nikasema, "Kweli, Padre. Kweli tupu." Machozi yakanitoka, na watu kuona machozi, makofi yakaanza upya. Mkuu wa Chuo akasimama akasema cherehani imepatikana. Halafu, kwa kuwa na yeye aliguswa, akaongeza la kwake: kuanzia kesho dada huyu asikae tena kwenye saruji ya stoo, atengenezewe benchi nje, kwenye hewa.

Wakatengeneza. Benchi zuri la mninga, limekaa kule nje kabisa karibu na tangi la maji, kibanda cha makuti juu, unaona msitu wa Pugu wote. Viazi vinaletwa huko, mchele unaletwa huko. Nikawa sisikii hata ile nusu. Nasikia ndege, nasikia nyani wanagombana. Mama Tabu alinifuata siku ya pili, akakaa ubavuni kwangu, benchi likalia.

"Kwani wewe ulitaka cherehani?"

"Sikutaka."

"Sasa mdomo wako wote ule, siku ile ulimwazima nani?"

Nikamenya viazi. Lakini nilijaribu, msije mkasema sikujaribu. Wiki ile ile nilimvizia Padre Gaudensi anatoka kanisani. Nikamwambia, "Shikamoo Padre." "Marahaba, Somoe! Vipi cherehani?" Nikamwambia Padre, mie ninachotaka ni kukaa darasani kwako, nyuma kabisa, Msingi ikianza tena. Akasimama. Akanitazama kwa upendo, naapa ulikuwa upendo, kama ingekuwa dharau ningejua pa kuishika. Akaniwekea mkono kichwani juu ya ushungi, akasema, "Somoe, binti yangu, wewe umepita shule ambayo hatuna sisi. Mto, njaa, simba. Darasa langu litakuharibu. Wewe huhitaji Msingi. Wewe mwenyewe ndiye msingi." Akaenda zake, anatabasamu, ameshiba maneno yake. Nikabaki pale nimesimama kama kibao cha barabarani. Mchumba hakuliwa na mamba, mie ndo niliyeliwa.

Chuo kilipofunga na mie nikafunga virago. Cherehani niliipeleka Kiwalani, majirani wakaleta nguo zao, nikamshonea mzee mmoja suruali, mguu mmoja nikauziba kabisa, akawa anaruka ruka uani ananitukana. Hayo watu wakinisikia nikisimulia wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mie nacheka nao. Nimeishi kwa kuchekesha watu. Ila kuna siku mteja mmoja kijana, kavaa ile fulana ya chuo, alisimama mezani kwangu anabishana na mwenzake kuhusu kitu gani sijui, haki, uhuru, na mie nikajikuta, nyanya mkononi, nimeinamisha kichwa upande kwa ajili ya sikio. Hapakuwa na tundu. Kichwa kiliinama chenyewe.

Sasa tumekaa na Editha, yeye kwenye ndoo, mie kwenye tenga. Ananiambia siku hizi ni daktari, daktari wa vitabu, na yupo pale pale Pugu, yeye ndo mkuu wa Msingi. Padre Gaudensi alishatangulia, Mungu amrehemu, akamwachia kiti. Kabla ya kufa alimwambia ile hotuba aliyoisoma bwaloni juu yangu isipotee. "Na haijapotea, dada," Editha ananiambia, macho yanang'aa. "Kila mwaka wanakusoma. Kila mwanafunzi anayeingia, wewe ndiye somo la kwanza. Wapo mahakimu huko nje, wapo mameneja, ukiwatajia Somoe wanakujua. Mpaka leo watoto wanalia pale kwenye viatu."

Mteja akauliza nyanya bei gani, nikamwambia kiasi ambacho aliondoka bila kuaga. Kumbe niliingia Msingi. Miaka yote hii nipo darasani, mstari wa mbele, kila mwaka narudia. Ila mie ndo sikuwepo.

"Njoo siku moja, dada," akasema. "Wakuone kwa macho. Utakaa mbele, nitasoma, halafu nitakuuliza lile swali la Padre."

"Na nikisema si kweli?"

Akacheka kwikwi zake. "Hujaacha utani wako!"

"Editha. Ombi langu halikuwa cherehani."

"Lakini ulifurahi! Nakumbuka ulilia."

"Nilikuambia nataka kusoma Msingi. Kule stoo, siku ya mvua. Nikakuonyesha matundu. Ukanishika mkono, ukasema utasema."

Akavua miwani. Akatazama matope. Uso ukawa wa yule binti wa Bukoba kwenye debe la mafuta, na kwa muda kama wa kumeza mate nikadhani sasa, sasa kitu kitasemwa hapa sokoni na hiki cha kifuani kitakunjua uso. Akasema, taratibu, "Sikumbuki, dada. Wallahi sikumbuki." Na naamini kweli hakumbuki. Halafu akainua kichwa, na jicho limelowa, lile lile la zamani.

"Lakini hili tutaliongeza," akasema. "Lazima tuliongeze. Litawagusa sana watoto."

"Wakishaguswa," nikamuuliza, "huwa wanafanyaje?"

Akawaza kikweli, kama mwalimu hasa. "Hilo ni swali zuri sana," akasema, na akaanza kutafuta kalamu kwenye mkoba.